Je, wajua kwa nini piki nene ya gitaa hutoa sauti laini kuliko nyembamba?

Mwambie muuza vyombo vya muziki akuchagulie piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kucharazia nyuzi za gitaa, na mara nyingi atakuuliza jambo moja tu: nene au nyembamba? Kisha ataeleza kwamba nyembamba ni ya anayetaka sauti laini, na nene ni ya anayetaka sauti kali. Maelezo hayo huingia akilini kirahisi. Kitu chembamba ni laini mkononi, basi na sauti yake itakuwa laini. Kitu kinene ni kigumu, basi kitagonga kwa ukali. Wengi wanaojifunza gitaa hulipokea somo hili siku za mwanzo na hawarudi kulichunguza tena.

Sikio linasema vingine. Chukua piki ya nusu milimita na nyingine ya milimita moja na nusu yenye ncha iliyoviringwa, upige uzi uleule mahali palepale. Ile nyembamba itatoa mlio wa juu unaong'aa, na kabla ya noti yenyewe utasikia plastiki ikialika: tak! Ile nene itatoa noti iliyojaa, nzito kidogo, isiyo na mkwaruzo. Wapiga jazi wengi wanaopenda sauti tulivu hushika piki nene, na wale wanaofuata mtindo wa mpiga gitaa Django Reinhardt huko Ulaya hutumia hata za milimita 3 na zaidi, vipande vinavyofanana na vifungo vya koti kuliko piki tunazozijua. Kama unene ungekuwa ndio ukali, muziki wao ungekuwa wa kuumiza masikio.

Kosa la somo lile ni kwamba linachanganya mambo mawili. Unene huamua nguvu kiasi gani ya mkono wako itaufikia uzi. Rangi ya sauti, yaani kama itakuwa kali au ya upole, huamuliwa zaidi na ukingo: ile sehemu ndogo sana ya piki ambayo uzi huteleza juu yake mara ya mwisho kabla ya kuachiwa. Piki nyembamba ina ukingo mwembamba kwa sababu ya umbo lake tu, na nene kwa kawaida huwa na ukingo ulioviringwa. Hapo ndipo unene unapopewa sifa na lawama zisizo zake. Ukiinoa piki nene hadi ncha yake ikawa kama kisu, itatoa sauti kali na tena kubwa.

Kwa nini ukingo uwe na uwezo huo wote? Fikiria kamba ya kuanikia nguo, imekazwa vizuri kati ya miti miwili. Ivute kwa ncha ya kidole kimoja: kamba inafanya kona kali pale kidole kilipo, na kila upande unanyooka hadi kwenye mti. Sasa iache, kisha uisukume kwa mkono mzima, kuanzia kiwiko hadi kiganja. Safari hii hakuna kona. Kuna upinde mpana. Ukiiachia kamba katika hali ya kwanza, ile kona hugawanyika mara mbili, nusu moja ikikimbilia mti huu na nyingine mti ule, zikigonga na kurudi. Katika hali ya pili kinachokimbia ni wimbi pana, lisilo na makali. Pia angalia namna unavyoachia. Kidole kinachopomoka ghafla kinaiacha kona ikiwa bado kali, lakini mkono unaoteleza taratibu huilainisha kona kabla kamba haijawa huru.

Uzi wa gitaa hufanya vivyo hivyo, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Uzi mnene wa juu kabisa, ule wa sita, hutetema kama mara 82 kwa sekunde. Lakini hautetemi hivyo tu. Wakati huohuo, juu ya mtetemo huo mkubwa, umebeba mitetemo midogo ya mara 165, 247, 330 na kuendelea, ambayo wataalamu huiita harmoniki. Hiyo midogo ndiyo inayoipa sauti mng'aro wake. Kona kali ina harmoniki nyingi za juu ndani yake. Upinde mpana una chache. Kwa hiyo piki yenye ukingo mwembamba inapouachia uzi ghafla, inauacha na kona kali, na sauti inang'aa. Ukingo mpana ulioviringwa unauacha uzi uteleze, kona inapoteza makali, na sauti inatulia.

Ndiyo maana kidole kitupu hutoa sauti ya upole kuliko piki nyingi: nyama ya kidole ni pana na hulainisha kila kona. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye rekodi zake za miaka ya 1950 zilisikika hadi mbali na Kongo, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada bila piki. Ukimsikiliza kwa makini utasikia jinsi noti zake zilivyo na tumbo nene na makali machache.

Ushahidi ninaoupenda kuliko yote uko kwa Brian May wa kundi la Queen. Yeye hupiga kwa sarafu, peni sita ya zamani ya Uingereza, ambayo iliacha kutumika kama fedha mwaka 1980. Chuma hakipindi hata chembe, kwa hiyo kwa hesabu ya unene hiyo ingekuwa piki kali kuliko zote. Lakini sarafu ni duara na haina ncha, na ukingo wake una vijino vidogo. Ikiupita uzi kwa upande wa duara, noti inatoka imejaa. Ikielekezwa ili vijino viukwaruze uzi, noti inaanza na mkwaruzo kama wa konsonanti. Ni sarafu ileile, katika mkono uleule. Kilichobadilika ni namna ukingo unavyokutana na uzi.

Hata hivyo unene una kazi yake, na kazi hiyo ni ya ajabu kuliko namba zilizoandikwa juu ya piki zinavyoonyesha. Ugumu wa kupinda wa kipande cha plastiki haukui sambamba na unene wake. Unakua kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukiongeza unene mara mbili, kutoka milimita 0.5 hadi 1.0, ugumu unaongezeka mara nane. Katika piki za Tortex za kampuni ya Dunlop, ya rangi ya chungwa ni milimita 0.60 na ya njano ni 0.73. Kwa macho huwezi kuzitofautisha kama si rangi. Lakini ile ya njano ni ngumu karibu mara 1.8. Ndiyo sababu mtu anaweza kubadilisha piki kwa tofauti ya unywele mmoja na mkono wake ukakataa kabisa.

Kanuni hiyohiyo hufanya kazi kwa urefu, ila kinyume chake. Kadiri sehemu ya piki inayochomoza nje ya vidole inavyokuwa fupi, ndivyo inavyokuwa ngumu, na hapo pia hesabu ni ileile ya kuzidisha kwa wenyewe mara tatu. Ukisogeza vidole hadi kichomoze nusu ya kilichokuwa kinachomoza, ncha inakuwa ngumu karibu mara nane. Hesabu si kamili, kwa kuwa piki inasinyaa kuelekea ncha, lakini mkono unahisi. Mpiga gitaa mzoefu hufanya hivyo bila kufikiri: akicharaza korasi hulegeza na kuiacha piki ichomoze, akiingia solo huirudisha ndani. Kwa maana hiyo piki ya milimita 0.73 ni piki kadhaa ndani ya moja, na mimi kwa mtu anayeanza ningechagua hiyo kabla ya kununua pakiti ya unene saba.

Piki nyembamba basi inafaa wapi? Kwenye rithimu. Mkono unapopita nyuzi sita kwa mkupuo, piki laini hupinda na kuachia kabla ya kuuvuta uzi wowote mbali, hivyo kila uzi unapata karibu nguvu sawa hata kama mkono haukuwa sawa. Ule mwaliko wa plastiki nao unageuka faida, kwa sababu unasikika kama kayamba ndogo juu ya nyimbo za gitaa kavu. Hasara yake ni kwamba huwezi kupiga kwa sauti kubwa zaidi ya inavyokuruhusu. Ukizidisha nguvu, inapinda zaidi tu. Wapiga udi wa taarabu hutumia sifa hiyohiyo kwa risha yao, ambayo ni ndefu na nyembamba na hupinda kwa urefu wake, ikiruhusu mkono kupiga juu na chini kwa kasi bila kukwama kwenye jozi za nyuzi.

Malighafi ndiyo hupewa maneno mengi kuliko inavyostahili. Piki mbili za unene mmoja na ukingo uliosuguliwa sawasawa hukaribiana sana kwa sauti hata kama zimetoka kwenye plastiki tofauti. Malighafi hujionyesha zaidi kwenye utelezi, uimara na namna ukingo unavyoshika umbo lake. Zamani iliyotamaniwa ilikuwa gamba la kasa ng'amba. Gamba hilo limeundwa kwa keratini, kitu kilekile kilichounda kucha zetu, nalo husuguliwa likawa laini mno. Pwani yetu iliijua biashara hiyo mapema sana: mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unalitaja gamba la kasa miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari ya kale ya pwani hii, pamoja na pembe za ndovu. Leo ng'amba yuko katika hatari kubwa ya kutoweka, biashara ya kimataifa ya gamba lake imepigwa marufuku tangu miaka ya 1970, na anayetaka sauti hiyo ajue kwamba pembe ya ng'ombe ni keratini pia.

Mrithi wa gamba alikuwa seluloidi. Plastiki hii iliendelezwa na Mmarekani John Wesley Hyatt karibu na mwaka 1870, alipokuwa akitafuta mbadala wa pembe za ndovu kwa mipira ya biliadi, wakati ambapo Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe hizo. Mwaka 1922 Luigi D'Andrea alianza kukata piki za seluloidi New York, na umbo la pembetatu iliyoviringwa ambalo wengi wetu tunalo mfukoni bado huitwa 351, namba ya katalogi yake. Yale madoadoa ya kahawia na njano kwenye piki nyingi ni kumbukumbu ya gamba la ng'amba. Seluloidi ina kasoro moja ya kukumbuka: inawaka haraka sana, kwa hiyo isikae karibu na mshumaa.

Nailoni ilifuata, nayo ina tabia ambayo watu wa pwani wanapaswa kuijua. Hunyonya unyevu wa hewani na kulegea. Piki ya nailoni inayohisiwa ngumu kwenye chumba chenye kiyoyozi inaweza kuwa laini zaidi usiku wa joto Mombasa. Tortex, iliyotoka mwaka 1981, imetengenezwa kwa plastiki ya aina nyingine ambayo hunyonya maji kidogo sana, na uso wake wenye ukavu kama wa chaki haukimbii vidole vyenye jasho. Wengine hukata piki kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda, na si wazo baya: kadi hizo zina unene wa milimita 0.76 duniani kote, yaani katikati kabisa. Ukingo wake ukiachwa kama ulivyotoka kwenye mkasi, kadi hiyo itakwaruza.

Umbo, mwishowe, ni njia ya kuchagua ukingo. Piki ya kawaida ya 351 ina ncha moja na mabega mawili yaliyoviringwa. Igeuze upige kwa bega na utapata sauti ya jazi bila kutumia hata senti. Piki ndogo za jazi zenye ncha kali huleta usahihi kwenye solo za kasi. Pembetatu kubwa, ambayo wapiga besi wengi huipenda, ina ncha tatu zinazofanana, hivyo moja ikichakaa unazungusha tu.

Uchakavu huo wenyewe unastahili kutazamwa. Shika piki uliyoitumia kwa muda uielekeze kwenye mwanga: ukingo mmoja utakuwa umelika kimshazari, upande uleule kila mara, kwa pembe ambayo mkono wako huukuta uzi. Kama ukingo huo umebaki na mikwaruzo midogo, kila noti itaanza na mlio wa kusaga, hasa kwenye nyuzi nene zilizozungushiwa waya. Usiitupe. Isugue kwa msasa laini ukifuata pembe hiyohiyo, kisha msasa laini zaidi, halafu kwa kitambaa cha jinzi hadi ing'ae. Usirudishe ncha iliyokuwa nayo dukani. Fuata ule mshazari uliochongwa na mkono wako.