"Ment": polisi aliyepewa jina la koti

Katika kazi yangu ya kutafsiri kutoka Kirusi, neno moja fupi hunisumbua kuliko mengi marefu: ment, jina la mtaani la askari polisi. Wingi wake ni menty, na hapo mkazo huhamia silabi ya mwisho. Wapo Warusi wanaoamini kuwa ni ufupisho wa militsioner, cheo cha polisi wa enzi ya Kisovieti. Masikioni dhana hiyo inaingia, lakini tarehe zinaikataa, kwa sababu militsiya, yaani jeshi lenyewe la polisi hao, iliundwa mwaka 1917, ilhali ment limo tayari katika kamusi ya lugha ya magereza iliyotungwa na V. F. Trakhtenberg na kuchapishwa St. Petersburg mwaka 1908.

Asili ninayoikubali inatupeleka Hungaria. Mente lilikuwa koti fupi lenye ukingo wa manyoya, ambalo askari wapanda farasi walioitwa hussar walipenda kulitundika begani bila kulivaa mikono. Jeshini Warusi waliliita mentik. Kwa njia ya Kipolandi, katika lugha ya siri ya wahalifu, jina la vazi likawa jina la mvaaji. Mswahili hana sababu ya kulistaajabia hilo, kwani naye ana askari kanzu, ambaye siku hizi huenda yumo ndani ya jinzi na fulana.

Neno limezaa pia. Mentura ni kituo au jeshi zima la polisi, na kiambishi chake -ura ni kilekile cha prokuratura, ofisi ya waendesha mashtaka, kwa hiyo kejeli imevikwa joho la serikali. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2011 iliibadili militsiya kuwa politsiya. Ment halikutikisika, jambo ambalo ufupisho halisi wa militsioner ungelimudu kwa shida.

Ugumu wangu uko kwenye ukali wake. Mtu hamwiti ofisa ment usoni ila ametafuta ugomvi, na kwa hiyo "polisi" linapoa mno, huku "askari" likiwa na heshima ndani yake. "Njagu" au "karao" lina makali yanayofaa, ila humhamisha msomaji kutoka Moscow hadi Manzese au Eastleigh. Mwizi akiwa ndiye msemaji, naandika "njagu". Akisema jirani aliyeudhika tu, naandika "hawa polisi", na "hawa" hiyo ndiyo inayobeba dharau.