Maana ya afua za ngazi tatu kwa mwanafunzi anayebaki nyuma

Afua za ngazi ni utaratibu wa shule wa kumsaidia mapema mtoto anayebaki nyuma, huku kipimo cha msaada kikiongezwa kadiri anavyouhitaji. Ulienea kutoka Marekani, hasa baada ya sheria ya elimu maalumu ya 2004 kuruhusu shule ziangalie kwanza mtoto anavyoitikia ufundishaji kabla hajatajwa kuwa na ulemavu wa kujifunza. Ngazi ni za msaada, kwa hiyo mtoto mmoja anaweza kuwa ngazi ya pili katika kusoma na ya kwanza katika kuhesabu.

Ngazi ya kwanza ni somo la kila siku la darasa zima. Kwa kawaida hutarajiwa liwatosheleze watoto 80 hivi katika kila 100. 15 wahitaji ngazi ya pili na 5 ya tatu. Shule nyingi hujikwaa hapa. Chukua Darasa la Pili lenye watoto 120 jirani na mwalo (mahali wavuvi wanapotia mitumbwi nchi kavu), Mwanza. Ukiwapima na 70 wakashindwa kusoma, usianze kuunda makundi 14 ya ziada ya watoto watano watano, maana hutapata walimu wa kuyafundisha. Somo la wote ndilo lenye kasoro: pengine silabi zilirukwa, kitabu kimoja kinagombewa na watoto wanane, au mahudhurio hushuka majira ya usiku wa giza, dagaa wanapovuliwa. Rekebisha hayo kwanza, kisha pima tena.

Kupima hakuhitaji mtihani. Mpe mtoto kifungu kifupi asichokizoea, asome kwa sauti dakika moja, uhesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Akifika neno la 34 akiwa amekosea 6, andika 28. Mtoto wa Kisukuma anayetamka "lafiki" penye "rafiki" amesoma. Hiyo ni lafudhi, usimhesabie kosa. Pima wote mara tatu kwa mwaka.

Ngazi ya pili ni kundi la watoto 3 hadi 5, dakika 20 hadi 30, mara 3 au zaidi kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 12. Wapange kwa kosa wanalolifanya, usiwapange kwa alama. Wanaokwama kwenye silabi mwambatano kama mbwa na nywa wakae pamoja. Wasiotofautisha b na d wawe kundi jingine. Kwa la kwanza, anza na neno la nyumbani kama ng'wana (mtoto, kwa Kisukuma): mdomo wa Msukuma mdogo tayari unalijua, linalobaki ni jicho kuona herufi nyingi zikibeba sauti moja. Kundi lisikutane wakati wa somo lenyewe la kusoma, kwa sababu hapo mtoto anapokonywa ngazi ya kwanza ili apewe ya pili. Penye zamu mbili, nusu saa kabla ya zamu yake inafaa.

Kila wiki mpime tena uweke nukta kwenye grafu. Aliyeanza na maneno 8 na kuwekewa lengo la 28 kwa wiki 10 anatakiwa kuongeza mawili kila wiki. Nukta nne mfululizo zikiwa chini ya mstari wa lengo, yaani ule unaotoka 8 kwenda 28, badilisha mbinu, ongeza muda au punguza kundi. Akifikia lengo, mrudishe ngazi ya kwanza na uendelee kumpima. Bila grafu, kundi hugeuka tuisheni isiyo na mwisho, na watoto wenzake humbandika jina la mjinga. Hilo linaumiza kuliko kutojua kusoma.

Ngazi ya tatu ni mtoto mmoja hadi watatu, kila siku, dakika 45 au zaidi, na mwalimu mwenye ujuzi kuliko wote. Tusimwachie mwalimu wa kujitolea aliyefika juzi.

Kabla ya kumpandisha huko, hakikisha anaona na anasikia: asome ubaoni akiwa nyuma, umwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa kisogo. Ukiwa na shaka, mpeleke kituo cha afya. Pwani ya ziwa uliza pia kuhusu kichocho, kwani humpunguzia mtoto damu na nguvu, naye akaonekana mzito darasani ilhali ni mgonjwa. Macho, masikio na afya vikiwa salama na grafu bado imelala, mzazi na afisa elimu maalumu wa halmashauri waitwe, wakionyeshwa grafu hiyo hiyo.