Anivasari ya mieleka ni kitu gani?

Jumamosi moja kwenye kibanda umiza kule Tandika walikuwa wanaonyesha pambano la zamani la Meksiko. Kabla halijaanza, pakatokea tangazo lenye namba 81 kubwa, na kijana wa benchi la mbele akageuka: "Kwani ni bethidei ya nani?" Mwenye kibanda akamjibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Ya kampuni yenyewe, mdogo wangu." Alijibu sawa, ila watu wengi wakishajibiwa hivyo huishia hapo, wakadhani ni onyesho la kawaida lililopambwa maputo.

Onyesho la maadhimisho, au anivasari kama vijana wanavyoiita, ni onyesho ambalo kampuni ya mieleka ya kulipwa hulifanya mara moja kwa mwaka, karibu na tarehe ya onyesho lake la kwanza kabisa. Si fainali ya ligi wala mashindano ya kombe. Ni siku kampuni inapohesabu umri wake mbele ya watu wake.

Hapa Dar mfano unaokuja haraka ni Simba Day au Wiki ya Mwananchi. Shamrashamra zinafanana: uwanja unajaa na watu wanavaa rangi zao. Lakini siku hizo zinafungua msimu. Wachezaji wapya wanatambulishwa, mechi inayochezwa ni ya kirafiki, na ukifungwa hupotezi pointi hata moja. Anivasari ya mieleka inakwenda upande mwingine kabisa: ni siku ya kufunga hesabu. Ugomvi uliolelewa kwa miezi, pengine kwa miaka, unaletwa ulingoni umalizwe.

Kongwe kuliko zote ni ya CMLL ya Meksiko. Kampuni hiyo ilianzishwa na Salvador Lutteroth, na onyesho lake la kwanza lilikuwa tarehe 21 Septemba 1933, wakati huo ikiitwa EMLL. Kwa msomaji wa hapa, hebu weka pembeni mwaka wa Yanga, 1935, na wa Simba, 1936. Ni rika moja. Kila Septemba inaadhimisha, na tangu 1956 nyumba yake kubwa ni ukumbi wa Arena México, ambao mashabiki wake wanauita kanisa kuu la mieleka.

Kuhusu zile namba, watu wengi wanachanganya. Anivasari inahesabu miaka iliyotimia, kwa hiyo onyesho la 1933 lenyewe halina namba. Ya kwanza ni ya 1934, na ya 81 ni ya 2014. WrestleMania, onyesho kubwa la kila mwaka la kampuni ya WWE ya Marekani, inahesabu tofauti: ya kwanza ilifanyika 1985, na ile ya 40 ikafanyika 2024, yaani miaka 39 baadaye. Hiyo ni idadi ya matoleo, si umri. Ndiyo maana WrestleMania, pamoja na ukubwa wake wote, si anivasari.

Sasa tuje kwenye kiini. Kila mtu anajua kwamba kwenye mieleka ya kulipwa mshindi amepangwa kabla. Basi kampuni inafanyaje ili usiku mmoja wa mwaka uwe na uzito wa kweli? Wameksiko walipata jawabu lao: pambano la kuwekeana dau. Mwanamieleka mwenye barakoa anaweka barakoa yake. Asiye nayo anaweka nywele zake. Akishindwa, nywele zinanyolewa palepale ulingoni, kwa mashine, mbele ya maelfu. Mwenye barakoa anaivua, anataja jina lake la kuzaliwa na miaka aliyokaa kwenye kazi. Matokeo yamepangwa, sawa, lakini kichwa kilichonyolewa kimenyolewa, na sura iliyoonekana imeonekana.

Uzito wa barakoa kule ni mkubwa. Ukimvua mpinzani barakoa kwa nguvu katikati ya pambano, refa anakutoa. El Santo, gwiji wao wa zamani, hakuwahi kuipoteza ulingoni, na alipofariki mwaka 1984 alizikwa nayo usoni.

Lile pambano la Tandika lilikuwa la Atlantis na Último Guerrero, Septemba 2014. Waliwahi kuwa kambi moja, baadaye wakawa maadui, na wote walikuwa na barakoa. Atlantis alikuwa ameivaa yake tangu 1983. Pambano lilichezwa kwa desturi ya kule, raundi tatu, anayeshinda mbili ndiye mshindi. Atlantis akashinda. Mwenzake akafungua kamba za nyuma ya kichwa, na kibanda kizima kikawa kimya, watu ambao dakika moja nyuma walikuwa wanarushiana maneno. Uso ulipotokea, uso wa mtu mzima tu, wenye jasho, yule kijana akauliza: "Kesho si anaivaa tena?" Mwenye kibanda safari hii akaiweka simu chini. "Haivai tena maisha yake yote." Naamini hapo ndipo kijana alipoelewa ile namba 81 kuliko maelezo yangu yote haya.

Mwaka uliofuata Atlantis huyohuyo akamvua La Sombra, ambaye baadaye alihamia WWE na watazamaji wa hapa wakamjua kwa jina la Andrade. Wengi waliomwona kule bila barakoa hawakujua kwamba aliiacha kwenye anivasari.

Kampuni nyingine zina namna zao. New Japan ilifanya onyesho lake la kwanza Tokyo tarehe 6 Machi 1972, na mwanzilishi wake, Antonio Inoki, usiku ule alishindwa na Karl Gotch. Maadhimisho yake hufanyika mwezi Machi, na kwa miaka mingi desturi ikawa kumkutanisha bingwa wa uzito wa juu na bingwa wa uzito mwepesi, pambano ambalo siku za kawaida halipangwi. TNA ya Marekani, iliyoanza Juni 2002, ina Slammiversary, jina lililounganishwa na neno lenyewe la maadhimisho.

Mwaka 2020, wakati wa korona, CMLL ilifanya anivasari yake ya 87 bila mashabiki ukumbini. Kuiruka wasingekubali.

Ukitaka kuifuatilia kutoka hapa Dar, jua kwamba CMLL hupenda kuiweka Ijumaa usiku kwa saa za kwao, na huku kwetu inakuwa alfajiri ya Jumamosi. Usiingie siku hiyohiyo ukitegemea kuelewa. Anza kuangalia maonyesho ya Ijumaa tangu Julai au Agosti, uone nani anamchania nani barakoa.