Muiache asidi ya laktiki

Juzi tena. Mtu kakimbia mteremko Jumamosi, Jumatatu anashuka ngazi kinyumenyume huku kashika ukuta, ananiambia: "Asidi ya laktiki imeganda mapajani, nataka nikandwe itoke."

Imeganda wapi? Laktati (ndiyo sura ya asidi hiyo mwilini) ikipanda damuni kwa mbio, hurudi kawaida ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya Jumatatu ni ya nyuzi za misuli zilizojeruhiwa kwa kujikaza huku zinavutwa, ndiyo maana kushuka kunauma kuliko kupanda. Hilo tuliache.

Linaloniudhi ni kumtukana mwokozi, eti laktati ndiyo inayochosha misuli. ATP, nishati ambayo msuli huitumia moja kwa moja, haivuki sekunde chache za mbio kali. Kimeng'enya (kichocheo cha kikemia) kiitwacho kreatini kinasi huijaza papo hapo kwa kreatini fosfeti, nayo akiba hiyo haichelewi kuisha. Kisha glukosi inavunjwa, na hapo ndipo penye mambo: kazi hiyo inakula NAD, kibebaji cha hidrojeni, na kuacha NADH, yaani kibebaji kilichokwisha kubebeshwa. NAD ikiisha, uvunjaji unasimama hata glukosi iwe tele. Mitokondria, vinu vya seli vinavyotumia oksijeni, zikizidiwa, kimeng'enya laktati dihaidrojenasi huitwika piruvati (zao la glukosi iliyovunjwa) ile hidrojeni, piruvati inakuwa laktati, na NAD inarudi kazini. Laktati unayoilaani ni alama kwamba kimeng'enya kimekuwezesha kuendelea. Wala haitupwi: moyo unaichoma, ini linairudisha kuwa glukosi, hata nyuzi jirani zinaila. (Eti hutokea oksijeni ikikosekana tu! Unaitengeneza hata ukiwa umelala.)

Bado unabisha? Watazame wenye ugonjwa wa McArdle, ulioelezwa mwaka 1951. Misuli yao haina fosforilasi, kimeng'enya kinachomega glaikojeni, akiba ya glukosi msulini. Wakifanya mazoezi laktati yao haipandi. Kwa hesabu zenu, hawa wangekuwa mabingwa wasiochoka. Kumbe dakika chache tu msuli unakakamaa kwa maumivu. Wakipunguza mwendo, baada ya dakika kumi hivi hupata ahueni, kwa kuwa glukosi na mafuta ya damuni yameanza kuwafikia.

Basi uchovu unatoka wapi? Hapo nashusha sauti. Mimi naishuku zaidi fosfeti inayolundikana kreatini fosfeti ikivunjika. Asidi yenyewe siiachii huru: ioni za hidrojeni huongezeka kweli, ila kwenye joto la mwili madhara yake ni madogo kuliko yalivyoonekana kwenye nyuzi zilizopozwa maabarani. Zikishirikiana na fosfeti je? Wenzangu wanabishana, nami hubadili upande.

Kukandwa kandwa, kunapunguza maumivu kidogo. Ila mkandaji hana laktati ya kutoa. Moyo wako uliila Jumamosi ileile.