Acha kisigino kinyanyuke: swingi ya zamani kwa mgongo wa mtu mzima

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza gofu hapa Tanga huja na swingi, yaani namna ya kuzungusha fimbo, waliyoiokota kwenye televisheni: nyayo zimegandishwa chini, nyonga zimekazwa, mabega yanalazimishwa kuzunguka peke yake. Kijana anayeshinda gym ataimudu. Mtu wa miaka 55 aliyekaa kwenye kiti cha ofisi nusu ya maisha yake, hajamaliza hata ndoo moja ya mipira, keshashika kiuno.

Sababu iko kwenye maungo yenyewe. Pingili za kiunoni zimeumbwa zaidi kwa kuinama na kuinuka. Kuzunguka zinazunguka kidogo mno. Mzunguko mkubwa hutoka kwenye nyonga na kwenye pingili za kifuani. Ukizifunga nyonga halafu ukataka mabega yafike nyuzi 90, deni lote linalipwa na kiuno.

Wachezaji wa zamani hawakuwa na shida hiyo. Bobby Jones, aliyetwaa mataji manne makubwa mwaka 1930, alitumia fimbo zenye mipini ya mti wa hickory. Mpini wa namna ile hujipinda na kujisokota, hivyo ukiuharakisha kwa nguvu za mikono, uso wa fimbo, pale panapogonga mpira, unafika umeelekea kwingine. Ilibidi mwili wote ugeuke taratibu na mikono ifuate. Mipini ya chuma ilikuwa imeruhusiwa Marekani tangu 1924, na Uingereza mwishoni mwa 1929, lakini mtindo haukufa. Jack Nicklaus alinyanyua kisigino cha kushoto miaka yote aliyokuwa akikusanya mataji yake makubwa 18.

Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, inakwenda hivi. Unapopeleka fimbo nyuma, bega la kushoto linapita chini ya kidevu, goti la kushoto linaingia ndani, na kisigino cha kushoto kinaachia ardhi chenyewe. Sisemi ukinyanyue. Ukikinyanyua kwa makusudi utayumba kwenda kulia, na hapo umeharibu kila kitu. Kinavutwa na nyonga zinapogeuka, basi.

Sasa kurudi, na hapa ndipo penye kazi. Mikono ikiwa bado juu, kisigino kinashuka, uzito unahamia kushoto, nyonga zinafunguka. Kifua kinafuata, kisha mikono, na kichwa cha fimbo ndicho cha mwisho kufika. Mtazame mvuvi anayerusha kimia akiwa amesimama kwenye maji ya magotini: kiuno kinatangulia, wavu unakuja nyuma yake na kufunguka wenyewe. Akirusha kwa mikono peke yake, unaanguka umejikunja miguuni pake.

Mchezaji anayeanza kwa mikono huishusha fimbo kwa nje, ikaukata mpira kuelekea ndani huku uso wake ukiwa wazi, yaani umeelekea kulia kwa njia hiyo ya fimbo. Mpira unaanza kushoto, kisha unapinda kulia na kupotelea majanini. Usihangaike kuurekebisha kwa viganja. Kutoka juu hadi kwenye mpira ni kama robo sekunde tu, hakuna mtu wa kufikiri humo ndani. Rekebisha kinachotangulia.

Mzee mmoja, mstaafu, aliniuliza, “Mwalimu, mbona wale wa kwenye televisheni kisigino hakinyanyuki?”

“Mzee wangu, wale wakitoka uwanjani wanasubiriwa na mtu wa kuwakanda. Wewe unasubiriwa na baisikeli.”

Alicheka, lakini siku hiyo aliachia kisigino, na mlio wa mpira ukabadilika. Kukwaruza kukaisha, ukasikika mlio mmoja, mkavu.

Kusi likivuma kutoka baharini, kila mtu hutaka kupiga kwa nguvu zaidi. Ndivyo unavyoupa mpira mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, unapaa juu na upepo unaukataa. Chukua fimbo ndefu zaidi, piga polepole.

Anayetaka kujaribu aanze bila mpira, miguu imebanwa pamoja, apige nusu swingi kwa ayani namba 7, fimbo ya masafa ya kati, mpaka aweze kumaliza bila kuyumba. Kisha atanue miguu na kuachia kisigino. Draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ikae kwenye mfuko kwanza. Najua inauma, maana ndiyo ya gharama kubwa kuliko zote.