Rushwa hulala kwenye kiambatisho cha mkataba

Jirani yangu hapa Jinja, Uganda, fundi wa kuchomelea vyuma, huniuliza swali lilelile kila anapoingiza tokeni za Yaka, umeme wa kulipia kabla: "Mzee, Nile si huu hapa? Mbona umeme unauma hivi?" Kwa kuwa kazi yangu ni kusoma mikataba ya umeme, hutaka nimtajie aliyekula. Humwambia bahasha ni sehemu ndogo tu ya habari.

Chukua Bujagali, bwawa la umeme kwenye Nile hapa Jinja. Mradi wa kwanza, wa kampuni ya Marekani AES, ulikwama: mwaka 2002 Benki ya Dunia ilisimamisha ufadhili wake kutokana na tuhuma za rushwa, na mwaka uliofuata AES ikajiondoa. Watu wengi wanakumbuka tuhuma. Mimi nakumbuka kwamba mkataba wa kuuza umeme ulikuwa siri. Shirika la Greenwatch lilikwenda mahakamani, na Novemba 2002 Mahakama Kuu ikasema ule ni waraka wa umma. Wataalamu kutoka Pune, India, walipousoma walikuta Uganda ingelipa mamilioni ya dola ya ziada kila mwaka. Kwa kulipa hivyo tusingekuwa tumeibiwa na mtu yeyote. Tungekuwa tunatimiza mkataba.

Ziada hiyo huingiaje? Katika mikataba ya aina hii mwekezaji hulipwa kwa uwezo wa mtambo wake, hata umeme usipotumika. Ni kama kukodi boda kutwa nzima: dereva aegeshe chini ya mwembe, alale, jioni anakudai vilevile. Tena anadai kwa dola, wakati fundi wangu analipwa kwa shilingi. Na malipo hayo hukokotolewa kutokana na gharama ya ujenzi. Kwa hiyo saruji ya kwenye karatasi, mshauri asiyeonekana ofisini, riba iliyopitishwa harakaharaka, vyote vinaingia kwenye bei na kukaa humo miaka 30. Anayetaka kula hahitaji kugusa mfuko hata mmoja wa saruji. Anahitaji mkaguzi asiyeuliza.

Bujagali ya pili, megawati 250, ilizinduliwa Oktoba 2012 na kugharimu karibu dola milioni 900. Sisemi kila ongezeko la gharama ni wizi; miamba ya Nile ina ukaidi wake.

Usambazaji nao una yake. Kampuni ya Umeme (jina la kijanja, kujiita bidhaa yenyewe) ilimaliza mkataba wake wa miaka 20 Machi 2025. Serikali iliilipa dola milioni 118 kwa uwekezaji ambao haujarudi. Yenyewe ikadai zaidi ya milioni 290. Hapo sidai kuna rushwa. Nilimwonyesha tu fundi namba hizo mbili. Akaivua miwani yake ya kuchomelea, akauliza: "Kwani miaka yote hiyo nguzo alikuwa anazihesabu nani?"