Mbayuwayu wa masika na pete ya mguuni

Mvua za kwanza zikishalainisha ardhi ya Urambo na Kaliua, kumbikumbi hutoka vichuguuni na watoto huwakimbilia na ndoo. Siku hiyo inua macho juu ya kichuguu. Wale ndege wadogo wanaopishana hewani kama mishale ni mbayuwayu, na wengi wao hawakuzaliwa Tabora. Walianguliwa Ulaya au Asia, kwenye viota vya udongo ndani ya mazizi ya ng'ombe. Ndege wa gramu 20 hivi amesafiri maelfu ya kilomita kufika hapa.

Watu husema wanakimbia baridi. Hasa hasa wanakimbia njaa. Theluji ikianza kule, wadudu wanaoruka hutoweka, na mbayuwayu hali kitu kingine. Wakati huohuo huku kwetu masika yanaanza na wadudu ni tele. Ndiyo maana huwaona kuanzia Septemba na Oktoba, na kufikia Aprili wengi wameshaondoka.

Kigoma wapo pia mbayuwayu wa hapahapa wanaofanana nao, basi tazama kifua. Mgeni ana koo la rangi ya tofali, chini yake mkanda mpana wa buluu iliyokolea, kisha tumbo jeupe. Akiwasili, manyoya yake huwa yamechakaa. Huyabadilisha akiwa huku Afrika, moja baada ya jingine, na ikifika Machi ncha mbili za mkia zimerefuka tena. Bawa linalomrudisha Ulaya limeota kwa chakula cha kwetu.

Mwaloni Kibirizi, kwenye Ziwa Tanganyika mjini Kigoma, yupo mgeni mwingine ambaye wavuvi humpita kila asubuhi. Ni mdogo, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, hutembea peke yake ukingoni mwa maji huku akitikisa makalio bila kupumzika. Ukimkaribia huruka chini chini juu ya maji na kutua mbele kidogo.

Kwa ndege wa majini, hazina yetu kubwa ni ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, zaidi ya kilomita za mraba 32,000. Mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Mafunjo yake yakichomwa moto ovyo, ndege wa mbali na wa hapa hupoteza makazi kwa pamoja.

Zamani Wazungu wenyewe hawakujua ndege wao huenda wapi. Wapo walioamini kwamba mbayuwayu hulala ndani ya matope hadi baridi ipite. Kisha mwaka 1822, huko Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mweupe mwenye mkuki wa Kiafrika, wa karibu sentimita 80, uliopenya shingoni. Alikuwa amerudi nao akiwa hai! Korongo huyo bado amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock.

Siku hizi kazi ya ule mkuki, yaani kuonyesha ndege alikotoka, hufanywa na pete nyepesi ya chuma mguuni, yenye namba na jina la kituo kilichomvisha ndege. Mvuvi mmoja aliniambia aliwahi kuokota pete hiyo akaitupa ziwani, akidhani ni ya mganga. Niliumia. Pete hiyo si hirizi wala chombo cha upelelezi, na namba ile ingetueleza ndege alitoka wapi na lini.

Ukimwona ndege hai mwenye pete, usimkamate. Mpige picha ukiweza kuisoma namba kwa mbali. Ukimkuta amekufa peke yake, usimguse kwa mikono mitupu wala usimle. Andika maneno na namba zote zilizo kwenye pete, kijiji, na tarehe, kisha peleka kwa ofisa wanyamapori wa wilaya yako. Mkiwakuta wengi wamekufa pamoja, msiguse hata mmoja. Mwiteni ofisa mifugo siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ni sumu au mafua ya ndege.